Kumbukumbu za vita vijijini, kutoka Gilgil hadi Webuye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa hema

Kila shule zikikaribia kufungwa huulizwa maswali haya haya na majirani, wenzangu wa kazini na shemeji zangu wawili ambao hawajawahi kulala nje ya nyumba yenye mlango. Nimeyapanga kuanzia yale ya mtu anayeanza hadi yale yanayomkuta mtu akiwa tayari ameshuka garini. Penye jibu lililokwisha kutolewa nimekuelekeza huko, nisikuchoshe.

## Kabla ya kuwasha gari

Kumbukumbu ya vita ni nini hasa? Nitafute mnara?

Ukitafuta mnara utapita kumbukumbu tano bila kuziona. Minara ya mawe na sanamu za shaba iko Nairobi na Mombasa. Huku magharibi kumbukumbu nyingi hazina bango wala uzio: ni handaki lililofukiwa nusu juu ya kilima, safu ya makaburi kwenye kona ya makaburi ya mji, au mti ambao wenyeji hawaukati na hawakuambii sababu siku ya kwanza.

Kwa hiyo nikisema kumbukumbu hapa nina maana ya mahali popote ambapo watu wa eneo hilo wanajua kwamba walikufa watu vitani, au waliondoka wakaenda vitani, na bado wanapaheshimu kwa sababu hiyo. Jiwe likiwepo ni vizuri. Lisipokuwepo, ndipo utahitaji mtu wa kukuonyesha, na habari za mtu huyo ziko kwenye sehemu ya adabu hapa chini.

Ni vita vipi vinavyokumbukwa huku?

Kuna tabaka kadhaa, na si ajabu kijiji kimoja kuwa na mbili au tatu.

La kwanza ni vita vya kupinga kuingia kwa Waingereza: Wabukusu na Watachoni mwaka 1895, Wanandi kwa takriban miaka kumi hadi 1905, na Abagusii mwaka 1905 na 1908. La pili ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa watu wengi wa Nyanza vita hivyo havikuwa vya bunduki. Vilikuwa vya kubeba mizigo. Kikosi cha wapagazi ndicho kilichoacha jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. La tatu ni Vita vya Pili, ambapo vijana walichukuliwa na Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, wakaenda Uhabeshi, Madagaska na Burma. Wengine waliingia kikosi cha kazi ambacho wazee huku walikiita Panyako, jina lililotoholewa kutoka "Pioneer".

Halafu kuna Mau Mau upande wa Naivasha na Nakuru. Kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Juu ya hayo yote yapo majeraha ya juzi juzi, ambayo nimeyaweka mwisho kwa sababu yana adabu yake.

Lazima nisome historia kwanza?

Soma kiasi cha kukuwezesha kuuliza swali la maana. Mzee akiona unajua mwaka na jina moja tu, atakumalizia mengine. Ukifika kama mtu aliyepotea njia, atakuelekeza stendi ya matatu.

Niende mwezi gani?

Desemba mwishoni hadi Februari ndipo barabara za udongo zinapopitika bila kuomba msaada wa tingatinga. Mvua za Machi hadi Mei huharibu kila kitu, na Kakamega na Nandi huwa na mvua za mchana hata Agosti.

Kama unataka tarehe zenye uzito, Jumapili ya pili ya Novemba ndiyo siku ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya dunia, tarehe 14 Oktoba jeshi letu huwakumbuka wake, na tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa. Mimi hupendelea siku ya kawaida ya Jumanne. Siku za sherehe kuna viti vya plastiki, hema za wageni waheshimiwa na vipaza sauti. Utasikia hotuba vizuri sana, na kumbukumbu yenyewe usiione.

## Njia na vituo

Tukitoka Nairobi tuanzie wapi?

Shukeni kwa barabara ya chini ya Mai Mahiu. Kando ya mteremko kuna kanisa dogo mno lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo hiyo unayoipitia. Madereva wa malori hulipita kila siku bila kujua kwamba lilijengwa na wafungwa waliokuwa mbali na makwao. Dakika ishirini zinatosha.

Halafu nendeni Gilgil. Makaburi ya vita ya Gilgil yako nje kidogo ya mji na yana wafu takriban 200, wengi wao wa Vita vya Pili. Yanatunzwa na CWGC, tume inayoangalia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola duniani kote. Ukitoka kwenye vumbi la barabara kuu utashangazwa na nyasi: zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Mara yangu ya kwanza nilimkuta mtunzaji amepiga magoti, ana ndoo na burashi laini, anasugua jiwe moja herufi kwa herufi. Nilimuuliza kama huwa anasoma majina. Akasema, "Huyu ninayemsafisha sasa alikufa ana miaka ishirini na moja. Kifungua mimba wangu ana ishirini na mbili." Akarudi kwenye ndoo yake.

Angalizo: Gilgil ni mji wa kambi za jeshi. Kamera itoke makaburini tu, si njiani.

Nakuru mjini je?

Makaburi ya zamani ya Nakuru North yana baadhi ya makaburi ya vita. Nenda asubuhi, muulize mlinzi, usikae sana. Nakuru mimi huitumia kulala na kununua vitu: mkaa, mtungi wa gesi, mboga za Njoro. Tazama pia swali la mahali pa kupiga hema.

Nandi Hills kuna nini?

Kuna kaburi la ukumbusho na makumbusho ya Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, aliyeongoza Wanandi kuipinga reli na serikali yake. Aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ambao Wanandi waliitiwa kwa jina la mazungumzo ya amani. Fimbo zake tatu zilikaa Uingereza karne nzima, zikarudi mwaka 2006. Ukifika uliza habari za fimbo hizo kabla ya kuuliza habari za risasi. Utaona uso wa mwenyeji unavyobadilika.

Uliza pia kuhusu Barsirian arap Manyei, mwanawe Koitalel. Alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa huru kabisa hadi 1964, Kenya ilipokuwa imekwisha kupata uhuru. Watu wengi wanaoweza kukutajia wafungwa wa Kapenguria, Kenyatta na wenzake, mmoja mmoja hawajawahi kumsikia.

Barabara ya kupanda kutoka Chemelil ni nzuri kwa macho na mbaya kwa injini iliyochoka. Malori ya miwa chini, matrekta ya chai juu.

Nimesikia habari za Chetambe. Ni nini, na nifikeje?

Chetambe ndiyo sababu hasa ya kuandika maswali haya. Ni ngome juu ya kilima kinachoitazama Webuye. Mwaka 1895 serikali iliwataka watu wa huku warudishe bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwao. Walikataa. Ofisa wa Kiingereza, C.W. Hobley, akaja na askari wa Kisudani, Wanga, Waganda na Wamaasai, pamoja na bunduki ya Maxim. Waliokuwa ndani walikuwa na ukuta wa udongo, handaki kuuzunguka, mikuki na bunduki chache. Ukuta ulivunjwa, waliokuwemo wakauawa kwa wingi, na mateka na ng'ombe wakachukuliwa.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake kupanda kilima hicho kuwaombea waliokufa miaka 52 nyuma. Hakukuwa na jiwe wala mkuu wa wilaya wa kuvuta pazia. Watu walipanda, wakaomba, wakawakumbuka wafu wao, na serikali ikaogopa. Mwaka uliofuata Masinde alikuwa mbaroni. Ukiniuliza kumbukumbu ya vita ya kwanza ya watu wa magharibi wenyewe ni ipi, nitakuambia ni ile safari ya miguu.

Kufika: Webuye iko kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba, na pia mwisho wa barabara inayotoka Kakamega. Ukiwa mjini kilima unakiona. Usipande peke yako. Uliza kwa mzee wa kijiji, kisha mpande naye au na mtu atakayekupa.

Mimi nilipanda na binti yangu nyuma ya mzee mmoja mwenye fimbo ya mpera na koti la suti lililokuwa jeusi enzi zake. Nilikuwa natafuta ukuta kwa macho. Yeye akasimama ghafla, akaingiza mguu mmoja mahali penye nyasi ndefu, ukazama hadi gotini. "Handaki," alisema. Tukaanza kuliona: mstari wa kijani kibichi kuliko majani mengine, unazunguka, unapotea kwenye shamba la mahindi, unatokea tena ng'ambo. Ng'ombe wawili walikuwa wakilisha ndani yake. Binti akauliza mbona wameachiwa ng'ombe mahali pa wafu. Mzee akacheka: "Walipigania nini, unadhani? Ng'ombe wakilisha hapa, wamefurahi."

Ukishuka, maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia hayako mbali. Watoto watahitaji mahali pa kupiga kelele baada ya huko.

Kisumu mjini kuna mnara wa saa. Ndio wenyewe?

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko yote. Ule mnara ulizinduliwa mwaka 1938 kumkumbuka Kassim Lakha, mfanyabiashara. Si wa vita.

Lakini usiidharau Kisumu. Hii ndiyo iliyokuwa bandari na mwisho wa reli, na wapagazi wengi wa Nyanza walipitia hapa. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hili, ndiye aliyepewa mwaka 1917 kazi ya kusimamia ukusanyaji mkubwa wa watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Simama karibu na bandari ya zamani, tazama reli na maji. Hakuna bango, ila wingi wa walioondoka na hawakurudi ulianzia sehemu kama hii. Kisha nenda ukale samaki, hakuna atakayekulaumu.

Na Kisii?

Watu wengi hawajui kwamba Wajerumani waliwahi kuukalia mji wa Kisii. Waliingia Septemba 1914, mwezi mmoja na nusu tu baada ya vita kuanza Ulaya. Askari wa Keya walitoka Kisumu, wakapigana nao tarehe 12, na kiongozi wao, Kapteni Thorneycroft, aliuawa. Usiku pande zote mbili zilirudi nyuma, kila mmoja akidhani ameshindwa. Mji ukabaki hauna mwenyewe. Wenyeji waliingia madukani na ofisini, na serikali iliporudi iliwatoza mifugo.

Kabla ya hapo, mwaka 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali, na Northcote akapona. Otenyo aliuawa, na wazee wa Gusii husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Jina la Moraa Ng'iti, nabii aliyemchochea, bado utalisikia. Huku ni mahali pa kusikiliza kuliko kutazama, kwa hiyo panga saa nzima ya kukaa na mtu, si ya kutembea.

Mumias inahusikaje na vita?

Kwa upande wa pili wa shilingi. Nabongo Mumia wa Wanga aliwakaribisha Waingereza, na wapiganaji wa Wanga walikuwemo katika msafara wa Chetambe. Matungu, karibu na Mumias, kuna kituo cha utamaduni na mahali walipozikwa wafalme wa Wanga. Ukitoka Chetambe ukaja hapa siku inayofuata, kichwa kitakuuma kidogo. Ndivyo inavyotakiwa.

Siku ngapi zinatosha?

Sita, bila kukimbizana: Gilgil na Nakuru, Nandi Hills, Kisumu, Kakamega kwa usiku mbili ili upate Mumias na Webuye. Kisii ongeza siku, kwa sababu iko upande wake. Ukiwa na siku tatu, acha mengine yote uende Nandi Hills na Chetambe.

## Adabu

Nimuulize nani kwanza?

Mzee wa kijiji, au naibu wa chifu kama ofisi iko wazi. Usimuulize kijana wa boda boda akupeleke moja kwa moja. Atakupeleka, ndiyo, na ukifika juu mtatazamwa nyote wawili kama wezi wa mbuzi. Kijana mtumie akufikishe kwa mzee.

Ukifika bomani piga hodi, ngoja, kaa unapoambiwa ukae. Sema jina lako na unakotoka kabla ya kusema unachotaka. Salamu ya mahali hufungua mlango: "Mulembe" kwa Waluhya, "Chamgei" Nandi, "Misawa" Ziwani, "Bwakire" asubuhi kwa Abagusii. Halafu rudi kwenye Kiswahili chako, hakuna anayekutarajia uendelee.

Nimpe pesa?

Mpe kitu, lakini mwishoni na kwa mkono wa kulia, si mwanzoni kama mtu anayenunua tikiti. Sukari, majani ya chai na mkate vimenifikisha mbali kuliko noti. Kijana aliyekusindikiza mlipe kama kibarua wa nusu siku.

Penye kiingilio rasmi, dai risiti. Kuna mahali nilitozwa mara mbili, langoni na ndani, na mtu aliyekuwa na kitabu cha risiti cha duka la vifaa vya ujenzi. Risiti yangu inasema nilinunua misumari.

Naweza kupiga picha?

Makaburi ya CWGC, ndiyo. Makumbusho, uliza langoni. Vilimani na kwenye miti ya heshima, uliza, na ukikataliwa usibishane wala usipige kwa siri. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata ukiwa nacho, bado yule mama anayepalilia hapo chini hajakupa chake.

Nipeleke maua?

Si lazima. Penye makaburi ya mawe unaweza kuweka ua moja. Penye handaki au mti, uliza kwanza, maana kuacha kitu mahali hapo kunaweza kuwa na maana ambayo hukuikusudia. Wengi watakuambia usiache chochote.

Watoto je?

Waje. Waeleze garini, si mbele ya kaburi. Usiwakataze kuuliza, swali la binti yangu lilitupatia jibu ambalo mimi nisingelipata.

## Hema na gari

Tutalala wapi?

Nakuru, ndani ya hifadhi, kuna kambi karibu na maporomoko ya Makalia. Msitu wa Kakamega una sehemu za kupiga hema zinazotosha kukushikilia wiki. Ukielekea Kitale, hifadhi za Mlima Elgon na Saiwa ziko upande huo. Hifadhi zote za KWS, shirika la wanyamapori, hulipiwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo lipa ukiwa bado na mtandao mjini, si langoni ukiinua simu juu kama mtu anayetafuta nyota.

Nje ya hifadhi, njia bora ni kuomba uwanja wa kanisa au shule wakati wa likizo. Muone mchungaji, padri au mwalimu mkuu kabla ya saa kumi na moja jioni. Nimewahi kufika usiku, nikapiga hema kwenye nyasi nzuri laini, na alfajiri nikaamshwa na mwenye shamba la maharagwe. Nililipa maharagwe, na nikasaidia kupanda mengine.

Naweza kupiga hema penye kumbukumbu yenyewe?

Hapana. Hata kama ni pazuri, hata kama mlinzi amekubali. Usipike hapo, usioshe vyombo, usianike nguo kwenye uzio. Nimeona soksi zimeanikwa juu ya msalaba wa jiwe na sitaki kuziona tena.

Radi ni hatari kweli huku?

Kweli. Kakamega na Kisii ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi nchini. Vilima vya kumbukumbu ni vilima, na mvua huja mchana. Panda asubuhi, uwe umeshuka kufikia saa saba. Wingu likianza kuwa la rangi ya chungu, shuka hata kama mzee hajamaliza hadithi. Atamalizia chini, na chai.

Gari dogo litafika?

Kiangazi, karibu kote, ukiacha gari chini na kutembea. Beba spea iliyojaa upepo, jeki, kamba na ubao wa kuweka chini ya jeki kwenye udongo laini. Watu husahau ubao.

## Kumtafuta wa kwenu

Babu yangu alikwenda na Keya, hakurudi. Nitapata kaburi lake huku?

Huenda usilipate huku, maana alikufa mbali. Wa Vita vya Pili wasio na kaburi linalojulikana wengi wameandikwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Humo wamo pia wale wa meli Khedive Ismail, iliyozamishwa Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na wanamizinga kutoka Afrika Mashariki. Walikufa watu karibu 1,300. Ukiambiwa nyumbani kwamba babu "alimezwa na bahari", anzia hapo.

Tovuti ya CWGC hutafuta majina bure. Jaribu tahajia zote unazoweza kufikiria, kwa sababu karani aliandika alichosikia: Wafula anaweza kuwa Wafulla, Ochieng akawa Achieng. Wengi waliandikwa kwa jina moja na la baba. Namba ya jeshi ikiwepo kwenye karatasi yoyote kabatini kwa bibi, hiyo ni dhahabu.

Na kama alikuwa mpagazi wa vita vya kwanza?

Hapo nitakuambia ukweli ulivyo. Mwaka 2021 CWGC yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Nairobi ya miaka ya 1920 inawataja wapagazi kwa pamoja kama miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono haina majina.

Kwa hiyo jina la mpagazi wenu liko kwa wazee kuliko kwenye jiwe. Uliza nani alipewa jina lake. Mara nyingi mtoto aliyezaliwa baadaye alirithi. Andika, rekodi kwa simu, taja na ukoo. Niliwahi kukaa karibu na Maseno na bibi mmoja aliyehesabu wanne wa ukoo wake waliokwenda Kariokor, akikunja kidole kimoja kimoja. Alipofika wa nne alikikunja kidole akanyamaza, kisha akasema jina la utani tu, kwa sababu ndilo pekee lililobaki.

## Maswali magumu

Jamii mbili zinadai mahali pamoja. Nimsikilize nani?

Wote. Watachoni watakuambia Chetambe alikuwa mtu wao na ngome ni yake. Wabukusu watakuambia vita vilikuwa vyao. Usiwe mwamuzi. Ukianza sentensi kwa "lakini wale wa ng'ambo walisema", umeharibu alasiri yako. Ndiyo sababu pia nasema mtu asiende Mumias na Chetambe kwa siku moja; tazama swali la Mumias.

Ni sawa kuheshimu kaburi la askari wa upande wa wakoloni?

Mimi huvua kofia kwa wote. Wengi waliolala makaburini kwa jina la mfalme walikuwa vijana wa Kiafrika walioitwa na chifu wao, wakachagua kati ya kwenda na kuona ng'ombe wa nyumbani wakichukuliwa. Ukikataa kusimama mbele ya kaburi la ofisa, hiyo ni juu yako. Usitemee mate, basi.

Nimeokota risasi au kipande cha chuma kilimani. Ni changu?

Si chako. Kirudishe palepale, umuonyeshe mzee, na kama kina maana apigiwe simu mtu wa makumbusho. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Kikiwa kinafanana na bomu au guruneti, usikiguse: weka alama kwa mbali, waondoe watoto, ita polisi.

Tupite pia penye makaburi ya ghasia za 2008, kama Kiambaa?

Usipite kama mtalii. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa na watu ndani yake tarehe 1 Januari 2008, na waliofiwa bado wananunua maziwa duka moja na majirani zao wa siku ile. Hali ni hiyo hiyo kwa vijiji vya Mlima Elgon vilivyopitia mapigano ya 2006 hadi 2008. Kama una mtu wa familia aliyekualika, nenda naye, kamera ibaki garini. Kama huna, endelea na safari.

Nimefika na kumbukumbu imevunjwa, jiwe limeng'olewa. Nimwambie nani?

Kama ni ya CWGC, waandikie ukiweka picha na jina la makaburi. Kama ni ya kijiji, mwambie mzee wa kijiji kwanza, usiianike hadharani kabla hajajua. Mara moja nilikimbilia kuripoti jiwe lililotoweka, nikaambiwa kwa upole kwamba limetolewa na wenyewe, liko nyumbani kwa mzee chini ya kitanda, kwa sababu watu wa vyuma chakavu walikuwa wameanza kulizunguka na bamba lake la shaba. Aliniambia nikitaka kuliona nirudi Jumamosi, mkewe akiwa hajaenda sokoni, maana ndiye mwenye ufunguo.